Kipupwe cha Bereko

Koster yetu ilikuwa ya shule.
Tumeipaka rangi ya maziwa mara mbili,
lakini jua likiipiga ubavuni
herufi bado zinachungulia: WATOTO KWANZA.
Sisi hatukujaliwa mtoto. Tulijaliwa gari.
Fundi Ndahani wa Chang'ombe aling'oa viti vyote,
akabakiza kimoja cha watu wawili, dirishani,
na hapo ndipo tunapolia ugali,
na siku mnada ukidoda,
hapo ndipo tunapolia tu.

Haneti, Kondoa, Kolo, kisha mlima wa Bereko.
Mwezi wa saba.
Dodoma mjini upepo hurusha vumbi na khanga za watu.
Huku juu haurushi kitu. Unaingia.
Unaingia kwa tundu la kufuli, kwa ufa wa kioo
tuliouziba kwa gazeti na sabuni ya mche,
unaingia kwenye kidole gumba cha mguu
na kukaa humo, mpangaji asiyelipa kodi.

Nyemo alichemsha chai ya tangawizi, kisha akalitoa jiko nje.
"Bado lina moto," nikamwambia, "liache tuote."
"Umemsahau Chilewa?"
Sikumsahau. Chilewa muuza sufuria
alifunga milango ya Kenta yake, akalala na jiko la mkaa.
Asubuhi tulishusha sufuria kwanza,
kwa kuwa hatukujua tumshushe vipi yeye.

Basi jiko likafa peke yake kwenye umande,
nasi tukajikunyata chini ya kitenge na koti langu la mvua,
tumeegemea belo la mablanketi,
kilo arobaini na tano, waya umelibana kiunoni.
La mkopo. Na belo hufunguliwa mbele ya wateja,
wagombee gredi ya kwanza kwa macho yao.
Hiyo ndiyo sheria ya mnada.

Saa nane usiku mlango ukagongwa.
Kijana, mswaga ng'ombe,
anaongea kwa meno kuliko kwa ulimi:
"Mzee, nasikia mna mablanketi."
Ana elfu tatu na mia mbili,
kaikunja mpaka imekuwa kama kidonge.
Nikaanza: asubuhi, mwanangu, asubuhi na mapema...
Nyuma yangu nikasikia koleo.
Waya ukaruka, ukagonga paa.

"Nyemo! Belo hilo!"
"Kwani si mitumba?" Mikono imezama humo hadi viwiko.
"Wameshayalalia Wazungu tusiowajua,
wakakoroma humu, wakaota ndoto zao humu.
Sisi tukiyalalia usiku mmoja
yatapungua nini? Usingizi?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Lililoniangukia mimi lilinuka dawa ya nondo na nyumba ya watu.
Pembeni mtu alishona jina kwa uzi mwekundu,
herufi zenye vidoti juu, sikuweza kulitamka.
Nililala nikijiuliza
huyu aliacha lini kusikia baridi.

Kijana alipewa la kijivu, lile zito.
Akakataa kuingia: ng'ombe kumi na tisa hawana mtu.
Nilifuta ukungu wa kioo kwa kiwiko nikamwona
kajifunika yeye na ndama.

Asubuhi akina mama wa Bereko walilizunguka belo
kama watu waliofika matangani wamechelewa.
"Limefunguliwa hili. Mazuri mmeshachagua."
Niliapa. Nani huamini muuza mitumba akiapa?
Yaliondoka kwa bei ya kutupa,
hata deni halikustuka.

Kijana alirudisha lake, kalikunja vizuri sana,
kama askari, na elfu tatu na mia mbili juu yake.
Nyemo akamrudishia pesa.
Mimi nilikuwa natazama tairi.

Lile la kijivu halikupata mnunuzi. Linanuka ng'ombe,
tumelifua mara nne, linanuka ng'ombe.
Ndilo tunalolalia mpaka leo,
Kibaigwa, Manyoni, popote gari litakapozimika,
na kipupwe kikiingia
Nyemo hulivuta lote upande wake.